Bili ya Baridi

Mimi ni Mkinga wa Makete, niliishia darasa la nne, na nimenunua nyumba Dubai. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia Kiingereza changu cha kuokoteza hudhani mimi ni dereva wa mtu. Sina bosi. Pale ghalani kwangu Al Qusais kuna wenye digrii wawili wananiandikia barua, na wote wananiita "sir" nikiingia. Nilifika mji huu na begi moja. Nilibeba zege kwa arbab, yaani bosi wa huku, aliyetuhesabu asubuhi na jioni kama mifuko ya saruji, nikalala Naif kwenye chumba cha vitanda vya juu na chini, ukigeuka unamgonga mwenzako. Pale pale Naif nikaanza kuwatafutia bidhaa wafanyabiashara wa Kariakoo, mapazia, makava ya simu, mabegi ya shule, mpaka wao wenyewe wakaanza kunitafuta mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Labda mama yangu, na ninayoyaandika hapa ni habari zake.

Nyumba iko upande wa Jebel Ali, mbele ya Discovery Gardens, ambako tulipanga miaka kadhaa kabla sijasema kupanga sasa khalas. Ilikuwa mpya, bado ina harufu ya rangi. Muuzaji alinizungusha chumba kwa chumba akinieleza kwamba hii si nyumba kama zile za zamani. Kuta zina sponji katikati. Madirisha yana vioo viwili viwili. Milango ina mpira pembeni kama mlango wa friji. Juu ya paa kuna sola ya kuchemsha maji, na baridi haitoki kwenye AC ya kuning'inia ukutani. Inakuja kwa bomba chini ya ardhi kutoka kiwandani, maji yaliyopozwa, nyumba zote za kompaundi zinagawana. Akasema umeme nitakaotumia hautafika nusu ya niliokuwa nautumia. Nikamwambia bwana mdogo, mimi maneno sinunui, lete kiberiti. Nikawasha udi nikausimamisha kwenye kona ya dirisha, na nje upepo wa mchanga ulikuwa unapiga. Moshi ukapanda juu umenyooka kama uzi. Siku hiyo hiyo nikalipa malipo ya kwanza.

Nilijivuna na nyumba ile, sifichi. Ijumaa walikuja wenzangu wa Naif, Watanzania, Waganda, hata Wakenya wawili wa Eldoret, nami nikawafanyia mchezo ule wa udi mbele ya dirisha mpaka mke wangu akachoka.

"Baba watoto, nyumba yote inanuka kama msibani," alisema. "Wameshaamini."

Mlinzi wa getini, Mkenya wa Nyandarua, mtu wa maneno mengi, yeye alikuwa na jina lake kwa nyumba zetu zote. "Bosi, hizi keja zenu ni flaski," aliniambia. "Ukiweka chai inabaki chai. Ukiweka mtu nayo, sijui."

Nikacheka. Nikampa na soda.

Umeme kweli ulishuka. Muuzaji hakudanganya. Kilichonishangaza ni ile bili nyingine, ya kampuni ya baridi. Yenyewe ina vipande viwili: kimoja ni cha baridi uliyotumia, na kingine ni cha kukaa tayari, yaani unalipia nafasi yako kwenye mabomba yao, ufungue usifungue, uwepo usiwepo. Mwezi wa kwanza ambapo Dubai watu wanavaa masweta na hakuna anayegusa kitufe, kipande hicho kinakuja vile vile kama mwezi wa nane. Niliwapigia simu. Dada wa upande wa pili akanieleza kwa upole kwamba ndivyo mkataba ulivyo, na mkataba niliusaini. Kweli niliusaini, sikuusoma, maana mimi mikataba huwa nasoma uso wa mtu. Ila ngoja niseme ukweli: pesa ile haikunisumbua hata kidogo. Faida ya kontena moja la mapazia ililipa bili zote za mwaka na chenji ikabaki.

Lakini nililia. Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, vinginevyo mgeni hataelewa kilichotokea.

Mkinga anayefanya biashara hasemi amepata. Ukimkuta dukani mchana, duka limejaa wateja mpaka nje, ukamuuliza hali, atakwambia hali mbaya, mzigo umekwama, kodi inamnyonga, mwaka huu sijui kama atamaliza. Akisema anaendelea vizuri, kesho yake mwenye fremu anapandisha kodi, ndugu wa ukoo wanapanga foleni, na wenye roho mbaya wanaanza kumwangalia. Kwa hiyo unalia. Unalia kwa mteja, kwa jirani, kwa mkwe, mpaka mdomo unazoea na unalia hata ukiwa peke yako. Mimi mbele ya wenzangu naweza kujisifia nyumba, mali ya kuonekana haifichiki. Gharama zake lazima nizililie. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni mama.

Mama aliuza viazi. Alivibeba kichwani kutoka mabondeni mpaka barabarani, baadaye akawa anapanda navyo malori kwenda Makambako. Nilipoacha shule alinichukua niwe namlindia magunia. Mnunuzi akija mama alikuwa anashika kiuno, anakunja uso, anasema mvua imeoza shamba lote, viazi hivi ndivyo vya mwisho, watoto watakula nini. Mnunuzi akiondoka ananikonyeza. Nyuma ya nyumba tulikuwa na viazi mpaka vinachipua.

Baba alipofariki nilisema mama anakuja kukaa kwangu. Dada zangu hawakutaka. Dada mkubwa, ambaye hajawahi kuniogopa tangu nizaliwe, alinipigia simu.

"Wewe unajua mama ni mtu wa kuota moto. Huko kwenu moto utamwekea wapi? Sebuleni?"

"Dada, huku ni Dubai. Baridi huku ni ya kununua. Asipotaka, hatununui."

"Sawa. Ila sikiliza. Mama nakupa mzima. Nitamtaka mzima."

"Utampata mnono," nikamwambia.

Na kweli alinenepa. Miezi ya joto mama aliipenda kuliko sisi wote. Alikuwa anatoka kukaa kwenye kiwanja kidogo cha nyuma, jua lile la kuchoma mayai, amejifunga kitenge kichwani, anasema mifupa inamshukuru. Watoto wangu walimfundisha kutumia lifti za madukani. Mlinzi wa getini alikuwa anamsalimia kwa heshima zote, "Shikamoo cucu," yaani bibi, nusu ya kwao nusu ya kwetu, na mama alikuwa anamtumia viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye bakuli. Mama alikuwa anakaa mlangoni kwetu akiangalia magari ya majirani yakipita na kuyapa alama kama anavyokagua ng'ombe. "Lile limekonda," anasema.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na mbili. Huku si baridi ya Makete, wala haifiki nusu yake. Kwetu asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu. Lakini baridi ya Makete ina moto wake. Mtu anaamka anaingia jikoni, kuni zinawaka, anakaa pale mpaka jua lipande. Nyumba yangu haikuwa na mahali pa kukaa hivyo. Sakafu ni marumaru kila chumba, kuta zimeshika ubaridi kama zilivyojengewa kushika, na kuna feni darini inayoleta hewa safi kutoka nje usiku na mchana, kwa sababu nyumba iliyofungwa namna ile isipovutiwa hewa haikaliki. Mama hakuipenda feni ile hata kidogo. Alisema inampulizia shingoni kama mtu anayemtania. Mke wangu akamwonyesha kitufe cha chumbani kwake cha kuizima.

Nilimnunulia hita. Nataka hilo lijulikane, maana kuna watu Makete wanasema nilimnyima. Nilinunua hita mbili, moja ya mafuta na moja ya kupuliza, za bei ya juu dukani. Nikamchomekea mwenyewe.

Jumamosi moja bili ya baridi ikaja, na kile kipande cha kukaa tayari kilikuwa kimeongezwa kidogo. Wenzangu wawili wa Naif walikuwepo sebuleni, mmoja wao alikuwa anataka nimkopeshe nafasi kwenye kontena mpaka auze. Basi nikapata jukwaa. Nikashika kichwa. Nikasema nyumba hii itanimaliza, umeme unanikausha, hawa watu wa baridi wamenikalia kooni, mwezi ujao sijui watoto nitawalisha nini, pengine nirudi kupanga. Nililia vizuri siku ile. Rafiki yangu akaondoka hajaomba kitu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya ngazi, miguu ameifunika blanketi, ananisikiliza. Nilitegemea anikonyeze. Hakukonyeza, nami sikuliwaza tena.

Siku chache baadaye, asubuhi, mimi nikiwa ghalani napakia, mke wangu alipiga simu. Alikuwa ametoka kupeleka watoto shule.

"Mama haamki."

"Muamshe."

"Nakwambia haamki! Uso umekuwa mwekundu. Mlinzi yuko hapa, tumemtoa nje, amelala kwenye majani. Njoo. Njoo sasa hivi."

Yaliyotokea tuliyajua baadaye kidogo kidogo, mengine kwa mke wangu na mengine kwa mama mwenyewe. Tulikuwa na jiko la mkaa la kuchomea nyama siku za Ijumaa, linakaa kwenye kiwanja cha nyuma pamoja na mfuko wa mkaa. Mama aliamka kabla yetu. Akawasha jiko kule nje, akasubiri mpaka mkaa ukaiva mwekundu wote na moshi umekwisha, maana hakuna mtu wa Makete anayeingiza jiko lenye moshi chumbani. Anajua litamuumiza kichwa. Likishaacha moshi, kwetu ni salama. Nimelala hivyo utoto wangu wote, jiko katikati, sisi tumelizunguka. Alilibeba mpaka chumbani kwake, mke wangu akiwa anawavalisha watoto ghorofani. Akafunga mlango, akazima feni, na chini ya mlango akasukumia blanketi, kama wanavyofanya kwetu kuzuia upepo. Tofauti ni kwamba kwetu upepo ukizuiwa mlangoni unaingia juu, kati ya ukuta na bati, kuna nafasi ya kupita hata ndege. Chumba cha mama Dubai hakikuwa na nafasi ya kupita sindano. Hita zote mbili zilikuwa zimechomolewa, na waya zimeviringishwa vizuri.

Hospitali walimwekea oksijeni, mask imemfunika uso mzima. Daktari, mwanamke wa Kihindi, akanieleza kwamba mkaa ulioiva unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, inaingia kwenye damu inakaa mahali pa hewa nzuri. Nikamwambia daktari, nina pesa, niambie kitu chochote, hata kama kiko Ujerumani. Akasema kinachohitajika ni oksijeni na muda, na vyote vipo.

Siku ya pili mama akafungua macho. Ya tatu akauliza chakula cha pale kimepikwa na nani, maana hakina chumvi. Nilicheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Tulipomrudisha nyumbani nilichinjisha mbuzi, nikaalika watu mpaka kompaundi ikalalamika magari. Nilimpigia dada simu nikamwambia yote na kwamba yamekwisha. Nilikuwa nimempigania mama vita nikashinda; ndivyo nilivyojiona.

Wageni walipoondoka nilikaa naye.

"Mama, hita ulizichomoa kwa nini?"

"Zinakula umeme."

"Acha ziule! Kwani unalipa wewe?"

"Unalipa wewe, na huna. Si ulisema mwenyewe, nyumba inakumaliza? Ulisema watoto hawatakula."

"Mama! Si ni kilio cha biashara tu kile. Yule bwana alikuwa anataka kontena langu bure. Wewe ndiye uliyenifundisha kulia."

"Nilikufundisha uwalilie wanunuzi," akasema. "Nilikufundisha umlilie mama yako?"

"Sikukulilia wewe. Ulikuwepo tu."

"Nilikuwepo," akasema. "Nikasema mkaa upo, hauna mita."

Nikamwapia kwamba nina pesa. Nikamtajia mali zangu moja moja, ghala, magari, kiwanja cha Mbezi, kiwanja cha Njombe. Alikuwa anaitikia, ee, ee, kama mtu anayembembeleza mtoto. Sijui kama aliamini. Mtu aliyetumia maisha yake kuficha viazi nyuma ya nyumba anajua maneno ya pande zote mbili yanavyosikika.

Wiki tatu hivi alikuwa yeye, mama kabisa. Halafu siku moja akaweka chumvi kwenye chai ya watoto. Tukacheka. Kesho yake akavaa kitenge juu ya kitenge juu ya kitenge. Akaanza kutembea kwa kuburuta, miguu mizito kama anavuka tope. Alikuwa anasimama mbele ya friji anangoja ifunguliwe, anabisha hodi. Mke wangu alimkuta amejikojolea kwenye korido, amesimama pale pale analia kwa aibu, na baada ya siku chache hata aibu haikuwepo tena, na hilo ndilo lililomtoa machozi mke wangu.

Daktari yule yule akasema hutokea. Si kwa wote, ila kwa wazee hutokea: sumu inaondoka, mtu anapona, halafu ubongo unaanza kuharibika baadaye kwa sababu ya siku ile. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema aliniambia, siku tunatoka, na karatasi alinipa. Karatasi ninayo. Siku ile nilikuwa nasikiliza bei ya mbuzi.

"Atarudi?" nikauliza.

"Wengine hurudi, sehemu. Inshallah."

Nilimpeleka mama kwa kila daktari ambaye jina lake nililisikia. Nililipia mazoezi, nikamlipa dada wa Kifilipino wa kukaa naye mchana. Niliacha hita zote mbili zinawaka chumbani kwake, mchana kutwa, madirisha wazi, baridi ya bomba inatoka, joto la hita linatoka, vyote vinaishia kwenye kiwanja cha nyuma. Nilitaka ile bili ije kubwa. Ilikuja kubwa, nikailipa, hakuna kilichobadilika. Mama alikuwa akiniona anavuta mguu kunipisha, kama unavyompisha mgeni kwenye benchi la kituo.

Dada mkubwa hakupiga kelele. Nilizisubiri kelele zake, ningejua la kujibu. Alisema tu, "Mlete."

"Huku kuna hospitali, dada. Huko kuna nini?"

"Huku anajua njia ya chooni."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushindwa ubishi na mtu. Nikampeleka mwenyewe, ndege mpaka Dar, kisha gari siku mbili, tukipandisha milima mama amelala begani kwangu. Tulipofika dada zangu wakamshika pande zote mbili wakamwingiza jikoni. Akakaa kwenye kigoda chake bila kuonyeshwa. Akanyoosha mikono kwenye moto. Hakuuliza niko wapi. Nilikaa siku nne, nikawajengea choo cha ndani na tangi la maji, nikaacha pesa za kutosha, na kusema kweli hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumfanyia mama yake mambo kama yale. Kisha nikarudi kwenye kazi zangu.

Nyumba ya Dubai sijaiuza. Wenzangu walishauri niiuze, mke wangu naye alitaka, lakini ni nyumba nzuri na haina kosa lolote. Chumbani kwa mama amehamia binti yangu.

Kila Jumapili ninapiga simu na dada anaiweka sikioni mwa mama. Mwanzoni nilikuwa sijui niseme nini. Siku hizi namwambia ukweli. Namwambia kontena zimefika salama, nimefungua duka la pili, hali ni nzuri sana, nina pesa nyingi mama, nyingi kupita nilivyowahi kumwambia mtu. Jumapili moja nilikuwa nimeongea hivyo kwa kirefu, na upande wa pili nasikia kuni zinapasuka tu. Kisha nikamsikia anamuuliza dada, sauti yake ile ile ya sokoni:

"Nani huyu anayejisifu hivi?"

"Ni mwanao, mama. Yuko Dubai."

"Aa," mama akasema. "Wangu hana kitu, maskini. Umeme unammaliza."

Dada akachukua simu.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikamwambia nimesikia. Akasema mama ameanza kusinzia, acha amsogeze asije akaangukia moto, na akakata.